Barua ya wazi: Milimita 0.78 za unyayo wa mdogo wangu

Igoma, Mwanza.

Kwa:
Mkurugenzi wa hospitali tuliyotibiwa,
Wakuu wa idara za upasuaji na patholojia,
Na wote wenye dhamana ya huduma za saratani Kanda ya Ziwa.

Waheshimiwa,

YAH: KUPIMA MELANOMA CHANGA KWA MWONGOZO ULIOKWISHA KUBADILISHWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawasalimu kwa heshima zote. Hii ni barua yangu ya nne kuhusu melanoma ya mdogo wangu, ambayo ni aina ya saratani ya ngozi. Ya kwanza niliileta kwa mkono Januari 2025, nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu. Ya pili, ya mwezi Machi, nilipigiwa simu nikaambiwa imepokelewa na inafanyiwa kazi. Ya tatu, ya mwezi Juni, sikupata neno. Ndiyo maana hii naiandika mbele ya watu.

Jina la hospitali silitaji. Sitaki mtu wa Magu au Ukerewe aisome barua hii kisha aamue kubaki nyumbani na kidonda chake. Mnajijua, na namba ya faili mnayo katika barua zangu zote tatu.

Mdogo wangu ni mvuvi wa dagaa, mwalo wake ni Igombe. Ana miaka 41. Usiku yuko ziwani na taa, mchana yuko peku juu ya mchanga akianika. Februari 2023 wifi yangu alikuwa akimtoa mwiba, akaona doa jeusi kwenye unyayo wa kushoto, karibu na kisigino. Lilikuwa dogo kuliko punje ya mahindi. Kingo zake hazikunyooka, na upande mmoja ulikuwa mweusi tii, mwingine kahawia. Wakaenda zahanati. Muuguzi wa pale, Mungu amzidishie, hakumpa mafuta ya fangasi wala hakumwambia ni sugu. Alichukua rula, akalipima doa, akaandika kwenye daftari la mgonjwa, akasema rudi baada ya wiki sita. Aliporudi lilikuwa limeongezeka milimita mbili. Rufaa ikaandikwa siku ileile, na mwezi Aprili doa likakatwa kwenu.

Nalieleza hili kirefu kwa sababu kila dirisha nililosimama kulalamika nimeambiwa kwamba wagonjwa wetu huchelewa. Kwa wengi ni kweli. Madaktari wa Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, wamekwisha kuandika katika majarida ya kitabibu kwamba melanoma nyingi wanazoziona ziko miguuni na zinafika zikiwa zimekwisha kuota mizizi. Lakini huyu hakuchelewa. Mke aliona, muuguzi akashtuka, mgonjwa akatii, daktari wa upasuaji akakata vizuri na kuacha ukingo wa sentimita nzima ya ngozi safi. Watu wanne walifanya kila walichopaswa kufanya, na kwa mapema ambayo ni nadra huku kwetu. Kazi yao ilipotea kwenye karatasi moja.

Karatasi hiyo ilitoka baada ya wiki tisa. Tuliambiwa: hatua ya 1A, saratani imekwisha, nenda kaendelee na kazi, ukiona tatizo rudi. Tulishukuru sana. Wifi yangu alipika wali na sato, tukala wote.

Novemba 2024 akatokwa na mtoki kinenani, upande uleule wa kushoto. Kwa mvuvi mtoki si habari, kila akichubuka mguu unatoka. Alipewa vidonge vya kuua vijidudu mara mbili. Ulipofika ukubwa wa yai la kuku akakatwa kipande kidogo kikapimwe, na majibu yakasema melanoma.

Wakati huo nilikuwa nimeomba ripoti ya 2023 ili niende nayo kwa daktari mwingine. Mimi ni mwalimu wa Hisabati wa darasa la tano na la sita. Niliisoma ripoti ile kwa kamusi, neno kwa neno, usiku mzima. Ilisema unene wa milimita 0.78. Ilisema ngozi ya juu haikuchubuka. Ilisema seli zilizo katika kugawanyika ni chini ya moja kwa kila milimita ya mraba. Mwisho ikasema T1a, hatua ya 1A, na pembeni kwa herufi ndogo: toleo la saba.

Daktari kijana niliyempelekea aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza ni ya mwaka gani. Nikamwambia 2023. Akanyamaza. Kisha akanielimisha mambo ambayo sasa nawaandikia ninyi, nikijua kwamba mnayafahamu kuliko mimi. Nayaandika ili wananchi watakaosoma wajue tunazungumzia nini.

Melanoma changa hupimwa kwa unene. Chini ya hadubini wanapima kutoka tabaka la juu la ngozi hadi seli ya saratani iliyozama chini kuliko zote. Kipimo hicho kinaitwa kwa jina la Alexander Breslow, daktari wa Marekani aliyeonyesha mwaka 1970 kwamba kadiri saratani hii inavyokuwa nene, ndivyo hatari inavyozidi. Hatua zenyewe zinapangwa na Kamati ya Pamoja ya Saratani ya Marekani, na hospitali nyingi duniani hufuata mpango huo. Toleo la saba lilianza kutumika mwaka 2010. Humo, melanoma isiyozidi milimita moja iliitwa T1a, daraja la hatari ndogo, kama haijachubuka na kama seli zinazogawanyika hazijafika moja kwa milimita ya mraba. Ikiwa imechubuka, au seli hizo zimefika moja, inakuwa T1b, daraja la hatari zaidi.

Toleo la nane lilianza kutumika Marekani Januari 2018. Hesabu zake zilitokana na wagonjwa zaidi ya 46,000. Waliona kwamba ndani ya ile milimita moja kuna mpaka mwingine, nao uko kwenye 0.8. Basi melanoma iliyo chini ya 0.8 na haijachubuka ndiyo T1a. Iliyo kati ya 0.8 na 1.0, hata kama haijachubuka, ni T1b. Iliyochubuka, hata ikiwa nyembamba vipi, nayo ni T1b. Kugawanyika kwa seli hakutumiki tena kuamua hatua hiyo, ingawa wapatholojia, yaani madaktari wanaosoma vipande hivyo kwa hadubini, wanashauriwa waendelee kuandika hesabu yake. Na badiliko la tatu ndilo lililonifanya niiweke kalamu chini nilipoelezwa: unene unaandikwa kwa nafasi moja tu ya desimali. Sehemu ya mia ya milimita, walisema, hakuna mkono wala jicho linaloweza kuipima kwa uhakika.

Waheshimiwa, kukadiria desimali ndiyo kazi inayonilisha. 0.78 kwa nafasi moja ya desimali ni 0.8. Watoto wangu wa darasa la sita wanaipata. Kwa mwongozo wa 2018, mdogo wangu alikuwa T1b, hatua ya 1B, tangu siku ile mlipotuambia tuondoke kwa amani.

Na tofauti ya herufi hizo mbili si ya makabati ya mafaili. Kwa melanoma iliyo chini ya 0.8 isiyochubuka, uwezekano wa seli kuwa zimefika kwenye tezi za limfu, zile zinazovimba tukaita mtoki, ni chini ya watu watano katika mia. Kati ya 0.8 na 1.0, unakuwa watano hadi kumi na wawili katika mia. Kwa sababu hiyo miongozo ya matibabu inamtaka daktari akae na mgonjwa wa T1b na kuzungumza naye juu ya kuchunguza ile tezi ya kwanza inayopokea majimaji kutoka penye doa. Tezi hiyo ikichunguzwa na kukutwa safi, mgonjwa ndipo anaporudishwa hatua ya 1A. Mdogo wangu alipewa 1A bila tezi yake kuguswa.

Sasa naweka malalamiko yangu.

1. Mwongozo wa zamani ulitumika miaka mitano baada ya kubadilishwa.

Nimeuliza kwa nini. Mtu mmoja wa idara, kwa uungwana, aliniambia kwamba fomu ya ripoti ya melanoma iko kwenye kompyuta tangu mwaka 2014 na hakuna aliyeagizwa kuibadilisha. Namshukuru kwa ukweli wake, na sitamtaja kwa cheo ili asisumbuliwe. Lakini fikirini maana yake. Daktari aliyesoma kioo cha hadubini hakukosea. Alipima, akapata 0.78, akaiweka kwenye fomu, na fomu ikampa T1a. Daktari wa kliniki naye akasoma T1a, akafanya kile ambacho mgonjwa wa T1a hufanyiwa, yaani karibu na bure. Hakuna mtu wa kumnyooshea kidole, na ndiyo maana naandika kwenu mlio juu ya fomu.

2. Hatukuambiwa kwamba kuna la kuamua.

Hili linaniuma kuliko lile la kwanza. Sisemi kwamba tezi ingechunguzwa mwaka 2023 ingekutwa na kitu. Sijui. Kwa hesabu nilizowapa hapo juu, watu themanini na nane hadi tisini na watano katika mia wangekutwa safi. Sisemi pia kwamba angekuwa amepona leo. Nasema tu kwamba mtu mzima mwenye akili timamu, mwenye mke na watoto wanne, alikuwa na haki ya kuketishwa kwenye kiti na kuambiwa: hali yako iko hivi, hatari ni kiasi hiki, kuna uchunguzi huu, kwetu unapatikana au haupatikani, na usipofanyika tutakufuatilia kwa njia hii. Angeamua mwenyewe. Ni mtu anayeamua kila jioni kama ziwa linafaa kuingia au la, na maisha ya vijana wake sita wa mtumbwini yako mikononi mwake.

Badala ya hayo aliambiwa, ukiona tatizo rudi. Hakuambiwa tatizo linafananaje. Hakuna aliyemshika kinena na kumwonyesha pa kupapasa. Ule mtoki ulikuwepo wiki nyingi kabla hajausema, kwa sababu kwake mtoki maana yake ni jiwe au mfupa wa samaki uliomchubua.

3. Mwongozo wa zamani uliumiza na wengine kwa upande wa pili.

Katika foleni ya kliniki, mwaka huu, nilikaa karibu na mama mmoja wa Sengerema. Ameniruhusu nisimulie. Mwaka 2021 alitolewa doa kwenye kidole cha mguu. Nilimwomba nione ripoti yake: unene 0.5, haijachubuka, seli zinazogawanyika moja kwa milimita ya mraba. Kwa toleo la saba, ile seli moja ilimfanya T1b. Kwa toleo la nane ni T1a, hatua ya 1A, mtu wa kukatwa doa na kufuatiliwa. Aliambiwa tezi zote za kinena zitolewe. Aliuza ng'ombe wawili. Tezi zikatoka, zote zikakutwa safi, na tangu hapo mguu wake umejaa maji. Hawezi kuvaa kiatu cha kufunga, analima nusu ya eneo alilokuwa akilima. Tena mwaka 2017 ulikuwa umekwisha kutoka utafiti mkubwa wa nchi nyingi uliofuatilia wagonjwa waliokutwa na saratani kwenye ile tezi ya kwanza. Ulionyesha kwamba kuwaondolea tezi zote zilizobaki hakukuwaongezea maisha kuliko kuwafuatilia kwa altrasaundi. Hao walikuwa na saratani kwenye tezi. Mama huyu hakuwa nayo.

Kwa hiyo karatasi ileile ilimpunguzia mdogo wangu hatari aliyokuwa nayo na kumzidishia mama huyu hatari ambayo hakuwa nayo. Tulikaa benchi moja, tukabadilishana ripoti, tukatazamana.

4. Wiki tisa za kusubiri majibu.

Hili mnalijua, na najua upungufu wa wapatholojia nchini. Nalitaja tu kwa sababu katika wiki hizo tulipiga simu mara saba na hatukupata anayejua kioo kiko wapi.

5. Zahanati hazijui la kutafuta.

Muuguzi wetu alijua kwa sababu aliwahi kufanya kazi na mtu aliyemfundisha. Wengine wengi wamefundishwa kwamba saratani ya ngozi ni ya ndugu zetu wenye ualbino. Kampeni za kofia pana na losheni za kukinga jua zimeokoa watu Kanda ya Ziwa na naomba ziendelee kwa nguvu. Lakini saratani inayowapata zaidi ndugu hao ni ya aina nyingine, na melanoma kwao ni nadra. Melanoma ya mtu mweusi mara nyingi hujificha unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha, mahali ambapo jua halifiki na halina lawama. Kofia haimsaidii mtu huyo. Anachohitaji ni mtu wa kumwambia avue kandambili na kugeuza unyayo. Na kwa mgonjwa aliyekwisha kutolewa doa mguuni, mtoki wa kinena usipewe vidonge mara mbili kabla ya mtu kuuliza historia yake.

Sasa nataja majibu ambayo nimekwisha kupewa kwa mdomo, ili yasirudiwe.

Nimeambiwa kwamba miongozo hii ni ya Wazungu na melanoma ni ugonjwa wao. Kuhusu ugonjwa, Bob Marley alikufa mwaka 1981 akiwa na miaka 36, kwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Kuhusu miongozo, nakubaliana nanyi nusu. Wale wagonjwa 46,000 walitoka katika vituo vya Marekani, Ulaya na Australia, na watu wenye ugonjwa wa unyayo kama wa mdogo wangu ni wachache mno humo. Inawezekana kabisa kwamba 0.8 ya unyayo wa mvuvi wa Igombe ina hatari zaidi ya 0.8 ya mgongo wa mtu wa Sydney, kwani melanoma ya unyayo kwa ujumla huwa na matokeo mabaya zaidi. Hiyo ni sababu ya kuwa waangalifu zaidi. Na toleo la saba mlilotumia, Waheshimiwa, lilitoka kwa kamati hiyohiyo, nchi hiyohiyo. Kama tumekubali kufuata kamati yao ya 2010, sijaona hoja ya kukataa kamati yao ya 2018.

Nimeambiwa pia kwamba hata tungejua ni T1b, uchunguzi wa ile tezi ya kwanza unahitaji kemikali za mionzi na mashine zake. Naelewa. Ingawa Donald Morton na wenzake walipoieleza njia hiyo mwaka 1992 walitumia rangi ya buluu, mimi si daktari wa upasuaji na sitawafundisha madaktari kukata. Ninachojua ni kwamba miongozo yenyewe imemfikiria mgonjwa aliyestahili uchunguzi huo na hakuupata: anafuatiliwa kwa kupapaswa na kwa altrasaundi ya kinena mara kwa mara katika miaka ya mwanzo. Altrasaundi mnazo. Mdogo wangu amepita mbele ya chumba chake akienda kulipia vidonge vya mtoki.

Na jibu la tatu, kwamba hakuna bajeti. Kufuta mstari kwenye fomu na kuandika mwingine, sijui kunahitaji bajeti gani. Bajeti ninayoijua ni ya sasa. Bima ya mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ilimfikisha mahali fulani ikaishia hapo. Mtumbwi umeuzwa pamoja na injini. Sasa tunatajiwa dawa za kuamsha kinga ya mwili ambazo dozi zake chache zinazidi mtumbwi, injini, taa na nyavu zote kwa pamoja. Mtoto wake wa kwanza yuko kidato cha tatu na ameniuliza kama aache shule aingie ziwani. Nimemkatalia.

Baada ya hayo naomba yafuatayo.

Naomba kwanza fomu ya ripoti ya melanoma ibadilishwe kwa agizo la maandishi, ifuate toleo la nane, na iwe na sehemu ya lazima kujazwa: unene kwa nafasi moja ya desimali, kuchubuka ndiyo au hapana, na toleo lililotumika liandikwe kwa herufi zinazosomeka. Asiyejaza, mfumo usimruhusu kutuma.

Pili, na hili ndilo kubwa kwangu, ripoti zote za melanoma nyembamba zilizotoka kwa fomu ile ya zamani tangu Januari 2018 zitolewe kabatini na kusomwa upya. Zile zilizoandikwa T1a zikiwa na unene wa kuanzia 0.75, ambao kwa hesabu ya sasa unakuwa 0.8, wenye nazo wapigiwe simu. Haziwezi kuwa nyingi, ugonjwa wenyewe si wa kila siku. Wanaweza kuwa watu kumi, wanaweza kuwa watatu. Lakini yupo mtu, pengine yuko Kome, pengine Nansio, aliyeambiwa nenda kaendelee na kazi, na bado mtoki haujatoka. Huyo bado anaweza kuwahiwa. Simu za wagonjwa ziko kwenye kadi, na wasiopatikana watafutwe kupitia zahanati na watendaji wa vijiji. Waliowekwa T1b kwa ajili ya kugawanyika kwa seli peke yake nao waambiwe, kabla mtu mwingine hajauza ng'ombe.

Tatu, kila mgonjwa aliyetolewa melanoma apewe kadi ya ufuatiliaji kwa Kiswahili, kama ile ya kliniki ya wajawazito. Iandikwe unene, hatua, tarehe za kurudi, na picha inayoonyesha pa kupapasa kinenani au kwapani. Akienda zahanati yoyote na mtoki, kadi hiyo iongee kwa niaba yake. Nipo tayari kusaidia kuiandika kwa lugha nyepesi bila malipo.

Nne, wauguzi na matabibu wa zahanati za mwambao na visiwani wapewe hata siku moja ya mafunzo ya kukagua nyayo na kucha. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu miaka ya tisini, na wahitimu wake wametapakaa mikoani. Hatuanzi sifuri. Muuguzi wetu wa zahanati, kama mtamtaka, anaweza kuwaonyesha wenzake alivyotumia rula.

Tano, naomba kioo na kipande cha mdogo wangu kilichohifadhiwa kwenye nta, vyote vya Aprili 2023, visitupwe, na nipewe kibali cha kuvipeleka kusomwa upya mahali pengine. Niliomba hili katika barua zote tatu.

Sitafuti fidia katika barua hii, na hakuna daktari hata mmoja ninayetaka afukuzwe. Yule aliyemkata mdogo wangu alikata kwa uangalifu, na kovu lake ni zuri hata leo. Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30. Yakija, nitayaweka hadharani kama nilivyoweka barua hii, hata kama yatanionyesha kwamba nimekosea mahali, na nikiwa nimekosea nitasahihisha mbele ya watu haohao.

Jumatatu ijayo mdogo wangu ana kliniki. Tutavuka na daladala ya saa kumi na moja alfajiri tuwahi foleni, na nitakuwa na nakala ya barua hii pamoja na ripoti halisi ya 2023. Nitakaa benchi la upande wa kushoto, karibu na dirisha la malipo. Yeyote kati yenu anayetaka kuiona ile 0.78 kwa macho yake, anikute hapo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Dada wa mgonjwa,
Mwalimu wa shule ya msingi, Igoma.

Nakala:
Mganga Mkuu wa Mkoa
Muuguzi wa zahanati yetu, kwa shukrani
Mama wa Sengerema